Barua ya wazi kwa mafundi wa kompyuta wa Nakivubo: tuandikiane

Kwa: Mafundi wa kompyuta na wenye meza za ufundi, Nakivubo, Kampala
Nakala: Uongozi wa KACITA (chama cha wafanyabiashara wa Kampala), wenye akedi (majengo ya maduka)
Yah: Karatasi ya kupokelea mashine ya mteja

Ndugu zangu mafundi,



Mimi ni mteja wenu. Kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri, na laptopu yangu ikilala siku mbili, jikoni kwangu kunajulikana. Kwa ajili hiyo watu wanaonifahamu, mashine zao zikiharibika, hunipigia simu mimi kabla ya kuja kwenu. Hawaulizi duka lipi ni zuri wala bei ni ngapi. Huuliza, "Una mtu wako Nakivubo?"

Swali hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Anayeuliza hivyo ameshakata shauri kwamba asipojuana na mtu ataibiwa. Kwake yeye fundi mwaminifu ni yule aliyesoma na binamu yake, anayesali pamoja na shemeji yake, au aliyetoka kijiji kimoja na mama yake. Asiye na mtu huingia kwa kubahatisha, au hurudi nyumbani na mashine yake kwapani. Na Nakivubo imejaa wasio na mtu: wanafunzi wa Makerere na Kyambogo, wafanyabiashara wa Bunia na Butembo, Kongo, waliokuja kununua bidhaa Kikuubo, wasafiri wa kaskazini wanaosubiri basi Arua Park, walimu wa mikoani walioshuka asubuhi kwenye paki ya teksi na wanaotaka kurudi kwao jioni. Wengi wao hupatana bei nanyi kwa Kiswahili, ndiyo maana nami nawaandikia kwa lugha hiyo.

Mniwie radhi mapema: sijaja kuwaita wezi. Wezi waliojificha kati yenu mnawajua ninyi kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba, kwa jinsi kazi inavyopokelewa leo kwenye meza zenu, mteja hana njia ya kumtambua fundi mwaminifu, na fundi mwaminifu hana njia ya kujulikana ila kwa udugu. Dawa ninayoileta ni karatasi moja, na sehemu kubwa ya barua hii inahusu karatasi hiyo.

Ustadi mnao. Niliwahi kusimama kando ya meza moja, kwenye akedi isiyo mbali na uwanja wa Nakivubo, nikimtazama kijana akifufua bodi iliyomwagikiwa chai. Kwanza alichomoa betri. Akaisugua bodi kwa mswaki na spiriti, akaianika mbele ya feni, kisha akaiweka chini ya hadubini. Mita ilimwonyesha kwamba njia kuu ya umeme imeshikana na ardhi mahali fulani, lakini mahali penyewe hapakuonekana. Basi akapitisha umeme mdogo, volti moja tu, akainyunyizia bodi spiriti upya na kutulia akiitazama. Spiriti ikakauka kwanza juu ya kapasita moja ndogo kama chembe ya sukari. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikipata moto. Akaing'oa, akapima tena, akabonyeza kitufe, mashine ikawaka. Hajakaa darasani kujifunza hayo. Aliyapata kwa kusimama nyuma ya fundi mkubwa, akishika taa na kutumwa chai.

Ustadi wa namna hiyo umewavuta hata watu wa mbali. Mwaka 2014 Lara Houston wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, alikamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya mafundi wa simu wa Kampala. Mtu hafungi safari kutoka Lancaster kuja kusomea ubabaishaji.

Sasa tutazame upande wa pili. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ninayemtafsiria ankara zake, alileta laptopu iliyokataa kuwaka. Ikatengenezwa, akalipa, akapanda basi. Alipofika kwao aliona mashine imekuwa nzito, akanitumia picha ya skrini: RAM ilisoma GB 4, naye anasema aliinunua ikiwa na GB 8. Nikaenda kuuliza. Aliyeipokea kaunta alisema hakuifungua, aliipeleka kwa mtu wa bodi ghorofa ya juu. Mtu wa bodi akasema yeye aliletewa bodi tupu, RAM ilibaki chini. Kijana anayepanda na kushuka ngazi akiwa na mashine za watu akasema yeye hubeba tu. Nilipowasikiliza wote watatu sikuweza kusema nani mwongo. Inawezekana hata mteja wangu aliuziwa mashine ya GB 4 tangu mwanzo, asijue. Hakuna aliyeweza kumshika mwenzake kwa kosa, na lililo baya zaidi, hakuna aliyeweza kujisafisha mwenyewe, kwa sababu mashine ilipopokelewa hakuna aliyeandika neno.

Hali hiyo inatokana na namna mnavyofanya kazi. Wengi wenu hampangi duka. Mnapanga meza, au nusu ya meza. Anayepokea mashine si lazima awe anayeifungua. Huyu anajua skrini na bawaba, yule anajua programu, mwingine amejikita kwenye bodi, na mlangoni yupo dalali anayeita wateja kwa kamisheni. Mgawanyo huo ndio unaoifanya Nakivubo itengeneze kwa siku moja kile ambacho kwingine kingeagiziwa bodi mpya. Ila mashine iliyopita mikono minne bila maandishi haina wa kuijibia.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Hoja yake mtaielewa haraka. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hatakubali kulipa bei ya gari zima. Atatoa bei ya kujikinga. Mwenye gari zima akiona bei hiyo haimlipi, hulitoa sokoni. Mabovu yakizidi, wanunuzi wanashusha bei tena, na wenye magari mazima wanazidi kuondoka. Sasa weka fundi mahali pa gari. Mteja anayehofia kuibiwa RAM hubana bei. Fundi aliyenunua spea halisi na anayefanya kazi kwa uangalifu hashindani na anayeweka spea ya kopi na kuchomoa kibao cha RAM ili afidie. Anayefunga meza yake mwisho wa mwaka ni yule wa kwanza.

Majirani zenu wa Kisekka, soko la spea za magari, wanaonja adha hiyo kila siku. Mjini kuna mzaha wa zamani kwamba kioo cha pembeni cha gari lako kikiibwa usihangaike na polisi, nenda Kisekka ukakinunue tena. Wapo pale mafundi wa magari waliokula jasho lao halali tangu ujana, na mzaha huo unawapiga wao sawasawa na mwizi. Jina la soko likishachafuka, kila mwenye kibanda analipia. Msingoje mzaha wenu ukomae.

Haki iko wapi katika hili? Sisi wateja tuna sehemu yetu, na nitaisema wazi. Mteja wa Kampala hulipia bila kinyongo skrini aliyoishika mkononi, lakini hataki kulipia kutazamiwa mashine. Fundi anamaliza saa mbili kugundua kwamba waya wa skrini umelegea. Akisema kweli, mteja anauliza, "Kukaza waya tu?" na kutoa elfu tano. Akisema skrini imekufa, analipwa vizuri. Kwa miaka mingi tumewalipa kwa uongo na kuwanyima ujira wa ukweli, halafu tunashangaa. Kwa hiyo ombi langu la kwanza lina faida kwenu: bandikeni ukutani ada ya uchunguzi. Iwe kiasi kinachojulikana, kilipwe mashine inapopokelewa, kisirudishwe, na kikatwe kwenye gharama mteja akikubali matengenezo. Fundi akishalipwa kwa kutazama, hana haja ya kuua skrini iliyo hai. Anaweza pia kusema, "Hii haifai kutengenezwa, nunua nyingine," na bado akala chakula cha mchana. Kwangu mimi fundi anayeweza kutamka sentensi hiyo ndiye wa kumkimbilia.

Ombi la pili ndilo karatasi yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mashine ya mteja ni mali iliyo mikononi mwenu. Nendeni Nasser Road. Pale wanachapa kila kitu, na vingine visivyotakiwa, hawatashindwa kuwachapia kitabu cha nakala mbili chenye kaboni. Nakala moja ya mteja, moja ibaki mezani.

Juu kabisa iandikwe tarehe, jina la akedi, namba ya chumba, jina la aliyeipokea mashine na jina la atakayeifungua. Mashine ikipelekwa ghorofa nyingine au jengo jingine, jina la huko liongezwe na anayeipokea atie saini. Hapo yule kijana wa ngazi anakuwa na cha kumkinga.

Kisha mashine yenyewe: aina yake, namba ya utambulisho iliyobandikwa chini yake, mikwaruzo na nyufa zilizopo, na kama imekuja na chaja au haikuja nayo. Ikiwa inawaka, iwasheni mbele ya mteja mwandike RAM, ukubwa wa diski na namba ya diski. Windows yenyewe ina amri ya kutoa ripoti ya betri, powercfg /batteryreport, inayoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inataja namba ya diski na saa ambazo imefanya kazi. Diski haiwezi kubadilishwa kimyakimya ikiwa saa zake ziko kwenye karatasi. Ikiwa mashine haiwaki, fungueni mfuniko wa chini mteja akiwa amesimama hapo, aone vibao vya RAM na diski kwa macho yake, avipige picha kwa simu. Nimewahi kuona jambo hilo likifanyika, na skrubu ya mwisho ilirudi mahali pake kabla mteja hajamaliza soda yake.

Yafuate makubaliano: tatizo kama mteja alivyolieleza, ada ya uchunguzi aliyolipa, na kiasi cha juu ambacho fundi hatakivuka bila kumpigia simu kwanza. Kila spea itajwe kama ni mpya halisi, imetolewa kwenye mashine nyingine, au ni kopi. Sina ugomvi na spea iliyotumika. Mashine nyingi tunazotumia wenyewe zilikuja zikiwa zimetumika, na kibodi iliyong'olewa kwenye laptopu iliyokufa inaweza kudumu kuliko kopi mpya. Ugomvi unakuja pale mteja anapolipia kipya akapewa cha zamani. Na kile kilichotolewa kirudishwe kwa mteja kwenye mfuko, hata kama kimekufa. Betri iliyovimba peke yake ndiyo msiirudishe ovyo, maana inaweza kulipuka ikitobolewa. Mwonyesheni mteja, atie saini kwamba ameiacha. Mwisho iandikwe dhamana: siku ngapi, na inahusu nini. Dhamana ya mdomo huisha mteja akivuka barabara.

Kuna mstari mmoja ambao sijauona kwenye karatasi ya fundi yeyote, nao ni mashine inalala wapi. Mnajua kuliko mimi mfereji wa Nakivubo unavyofanya mvua kubwa ikinyesha. Maji yakishapanda, vyumba vya chini ndivyo vinavyoanza kuogelea, na mashine zinazosubiri spea huwa zimepangwa sakafuni. Soko la Owino, jirani yenu, liliungua mwaka 2009, likaungua tena mwaka 2011. Mteja anayeacha mashine kwa wiki nzima ana haki ya kujua kama itakuwa juu ya rafu au chini ya meza, na nani atajibu ikiharibika humo.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko RAM. RAM ikiibwa hununuliwa nyingine. Barua, picha za watoto, nyaraka za kesi, vyeti vya hospitali, maneno ya siri ya benki, vikishanakiliwa havirudi.

Mwaka 2008 picha za faragha za mwigizaji Edison Chen wa Hong Kong zilisambaa dunia nzima. Zilinakiliwa na fundi wa duka ambako laptopu yake ilipelekwa kutengenezwa. Fundi huyo alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata, lakini picha hazikufungwa pamoja naye. Wanawake waliokuwamo hawakuweza kuzifuta tena. Wala msidhani nchi zenye maduka ya vioo na sare ziko salama. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walitoa matokeo ya mtego wao: walipeleka laptopu zenye hitilafu ndogo ya sauti kwenye maduka 16, zikiwa zimewekewa programu ya kurekodi kila kinachofanywa. Katika maduka 6 mafundi walipekua mambo ya mteja, na katika mawili kati ya hayo wakayanakili kwenye kifaa kingine. Kutengeneza sauti hakuhitaji kufungua picha za mtu.

Hapa Uganda sheria iko wazi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamkataza mtu kuingia kwenye data asiyoruhusiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inasema anayepata au kufichua data za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Fundi aliyeruhusiwa kubadili skrini hakuruhusiwa kusoma barua.

Ndiyo maana naomba karatasi iwe na mstari wa nenosiri: linahitajika au halihitajiki, na kwa nini. Mara nyingi halihitajiki. Skrini, kibodi, bawaba, betri na tundu la chaja hupimwa bila kuingia kwenye Windows ya mteja. Inatosha kuingia kwenye BIOS, au kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux. Data zikihitaji kuhamishwa, ziandikwe zimehamishiwa wapi na zitafutwa lini. Na mkimwekea mteja Windows iliyovunjwa leseni, mwambieni. Programu hizo za kuvunjia ndizo mara nyingi zinazoingiza virusi, na mwenye ofisi anaweza kuamua kulipia leseni au kutumia Linux, mradi ajulishwe.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia mezani.

La kwanza ni kodi. Mwezi Aprili 2024 maduka ya katikati ya jiji yalifungwa kwa mgomo wa kupinga EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, na tangu hapo kila karatasi yenye namba inanuka kodi. Naelewa. Lakini karatasi ya kupokelea si ankara wala risiti ya mauzo. Inasema tu kwamba mali ya fulani iko kwa fulani, katika hali fulani. Mfua nguo hutoa kijikaratasi, mlinzi wa pikipiki hutoa namba, na hakuna anayewafuata kwa ajili hiyo. Anayeficha mapato ataendelea kujua njia zake. Asimfanye mteja kuwa pazia.

La pili ni muda. Foleni ndefu, mteja ana haraka, basi linaondoka. Lakini hesabuni muda mnaoupoteza kubishana na mteja aliyerudi, watu wamejaa mlangoni wanasikiliza, na wateja wengine watatu wanageuza njia.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: karatasi hiyo itakuwa ushahidi dhidi yangu. Kweli kabisa. Itakuwa pia ushahidi wako. Mnawajua wateja wanaoleta mashine yenye ufa na kuapa kwamba haukuwapo, au wanaoacha GB 4 na kudai GB 16. Leo fundi hana cha kuwajibu ila kupaza sauti. Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 zinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila wakili kwa dai lisilozidi shilingi milioni 10, na laptopu karibu zote ziko chini ya hapo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Siku mteja mkorofi atakapokupeleka huko, utatamani ungekuwa na saini yake.

Kwa wateja wenzangu watakaoisoma barua hii: msingoje Nakivubo ibadilike ndipo mjilinde. Hamisheni mafaili yenu kabla ya kutoka nyumbani. Pigeni picha namba ya mashine na ukurasa unaoonyesha RAM na diski. Tokeni kwenye barua pepe na akaunti za fedha. Kama tatizo ni la skrini au kibodi na diski inachomoka, ombeni ichomolewe mbele yenu, mwende nayo. Msimfuate dalali wa mlangoni. Pandeni ngazi, simameni kidogo, mtazame meza. Fundi mwenye skrubu zilizopangwa kwenye vibakuli kwa kila mashine, na kijikaratasi kwenye kila laptopu inayosubiri, tayari ameshawajibu maswali mengi. Muulizeni kama mnaweza kutazama ikifunguliwa. Na akiwatajia ada ya uchunguzi, lipeni bila kununa.

Kwa viongozi wa KACITA: mmewahi kufunga jiji kwa ajili ya kodi, na serikali ikakaa mezani nanyi. Nguvu hiyo itumieni pia kwa jambo lisilogombanisha mtu na serikali. Chapisheni karatasi ya kupokelea iliyo moja, wanachama wa fani hii waitumie. Wekeni dawati la usuluhishi ambako mteja na fundi watakutana kabla ya polisi. Na waleteni mafundi karibu na wapimaji wa serikali. Kwa miaka mingi Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikiwapima kwa vitendo watu waliojifunzia kazi mezani na kuwapa cheti cha Worker's PAS, bila kuwauliza walifika darasa la ngapi. Yule kijana wa chai na spiriti anastahili kuwa na cheti cha namna hiyo ukutani. Hakitamfanya mwaminifu, lakini kitamwambia mgeni wa Bunia kwamba huyu anajua anachokishika.

Kwa wenye akedi: mnapokea kodi ya kila meza, hata ile ya nusu. Basi mnajua nani anakaa wapi. Wekeni mlangoni orodha ya vyumba na majina ya mafundi, na fundi akihama, iandikwe alikohamia. Mteja kurudi na kukuta meza ile ile ina muuza viatu, na hakuna anayejua fundi alikwenda wapi, ni jambo mnaloweza kulimaliza kwa ubao na chaki.

Ndugu zangu, sitaki mwanze wote kwa siku moja, najua hamtakubaliana. Naomba ghorofa moja ya akedi moja ianze, meza zote za ghorofa hiyo, kwa miezi mitatu: ada ya uchunguzi ukutani, kitabu cha nakala mbili mezani, spea ya zamani mkononi mwa mteja. Mkiona hakuna faida, acheni. Kwa upande wangu, natoa tafsiri ya karatasi hiyo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa bila malipo, ili mteja wa Kampala na wa Butembo wasaini kitu wanachokielewa. Na kuanzia siku ghorofa hiyo itakapoanza, yeyote atakayenipigia simu kuuliza kama nina mtu wangu Nakivubo nitampa namba ya ghorofa, bila jina la mtu.

Ninasubiri jibu lenu.

Mteja wenu,
Mchapaji na mfasiri, Kampala